Daraja la Tatu Limefutwa

Kozi ya nne ya tofali ilikuwa bado mbichi mgambo walipofika. Evarista hakuwasikia wakiingia uani. Alikuwa amepiga magoti, jicho moja amelifumba, anaangalia kama pima maji imetulia. Alichokisikia ni buti likitua juu ya tofali. Udongo ukatoka pembeni kama uji, na kozi nzima ikalala chini.

"Kibali kiko wapi?"

Aliinuka taratibu, mwiko mkononi. Walikuwa wanne, na mmoja wao alishika kopo la rangi nyekundu.

"Kibali cha nini? Huu ukuta upo hapa tangu mwaka sabini na tisa. Mvua imeuangusha, naurudishia."

"Hayo kawaambie ofisini," alisema mkubwa wao, akampa ishara mwenye kopo.

Yule alitafuta mahali pa kuandika. Ukuta wa nyuma haukuwepo, kwa hiyo akazunguka mbele na kuchora alama ya X ya kubomolewa karibu na mlango, pale ambapo mama yake Evarista, Mama Yusta, alikuwa ameketi kwenye mkeka akichambua maharage. Mama huyo wa miaka sabini na minane aliangalia rangi ikichuruzika karibu na kichwa chake, akasogeza ungo pembeni. Nyuma, mgambo walimalizia kozi tatu zilizobaki kwa mateke. Evarista alisimama akitazama. Baadaye aliwaambia watu kwamba ni Mungu tu aliyeuzuia mkono wake, lakini ukweli ni kwamba aliogopa kuwekwa mahabusu na kumwacha mama yake katika nyumba yenye pande tatu.

Mji wenyewe ni Itambwe, kwenye barabara kuu itokayo Mbeya kwenda Iringa, mahali ambapo mwezi wa sita ukisema neno nje asubuhi unaliona likitoka mdomoni kama moshi. Kitalu D kiko nyuma ya kiwanda cha zamani cha pareto. Viwanja vyake vidogo waligawiwa wafanyakazi wa kiwanda, kila familia na chake, na masharti yake yaliandikwa: makazi daraja la tatu, nyumba ya chini, tofali la kuchoma. Marcelino, baba yake Evarista, alitoka Iringa kuja kufanya kazi pale. Kiwanda kilipofungwa akashika mwiko, akajenga nyumba za watu mpaka mgongo ukamshinda, na mwiko ule ukachukuliwa na binti yake. Kwa miaka ishirini na tano Evarista amekuwa mwashi. Wanaume walimcheka mwaka wa kwanza, mwaka wa pili wakaja kumuazima pima maji. Nusu ya kuta za Itambwe zimepita mikononi mwake, hata zile za ofisi ya ardhi, ambako aliweka lenta zote za juu ya milango ya upande wa mashariki.

Kesho yake aliingia chini ya lenta hizo akiwa amevaa gauni la kanisani.

Afisa mipango miji aliitwa Aroni. Alikuwa kijana mwenye tai na adabu, miezi mitano tu tangu aletwe pale. Alimpa kiti, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akaigeuza kompyuta ili naye aone.

"Mama, siyo kwamba nakukatalia. Mfumo ndio unakataa. Angalia. Nikiandika Kitalu D, unanitaka nichague daraja. Kuna la kwanza, kuna la pili, kuna ukanda mchanganyiko. La tatu halimo."

"Limeenda wapi?"

"Limefutwa. Tangu kanuni mpya za uendelezaji zipitishwe, daraja la tatu halipo tena. Kitalu D kimeingia ukanda mchanganyiko. Huko nyumba inaanzia ghorofa mbili, na kiwanja kisipungue mita za mraba mia sita. Chenu kina mia tatu."

"Mimi siombi kujenga nyumba. Naomba ukuta mmoja."

"Ukuta ni ujenzi, mama."

"Kwa hiyo nyumba ya mama yangu ni haramu?"

Aroni alijikuna shingo. "Haramu hapana. Ni kama... kwenye mfumo haipo."

Evarista aliitazama ile kompyuta. "Mama yangu amelala ndani yake jana, amejifunika mablanketi matatu, turubai linampiga usoni. Unaniambia haipo?"

"Matengenezo madogo yanaruhusiwa," alisema Aroni, akifurahi kupata kitu cha kumpa. "Kupaka rangi, kwa mfano. Hiyo haihitaji kibali."

"Nipake rangi ukuta upi?"

Kijana aliirudisha kompyuta upande wake. Akamweleza njia mbili zilizobaki: waungane majirani wawili, waunganishe viwanja, wajenge ghorofa, au wamuuzie mtu mwenye uwezo wa kujenga ghorofa. Alizieleza kwa upole, kama daktari anayemweleza mgonjwa aina za dawa. Upole huo ndio uliomchoma Evarista kuliko buti la mgambo. Akaondoka bila kuaga, na alipopita mlangoni aliipiga fremu kwa kiganja, pale alipoijenga mwenyewe, mpaka karani aliyekuwa nje akashtuka.

Hakuwa peke yake. Upepo wa mwezi wa tatu uliokuja na ile mvua ulikuwa umeng'oa bati sita za Bi Mwanakhamisi, jirani wa ukuta kwa ukuta. Mume wake alitoka Tanga kama fundi mitambo wa kiwanda, akafia hapa na kuzikwa hapa. Bi Mwanakhamisi alikuwa ameishi Itambwe miaka arobaini na tano, akiuza vitumbua kila asubuhi kwenye kibaraza chake. Naye alikwenda kuomba kibali cha kuezeka. Naye aliambiwa mfumo unakataa. Wiki mbili baadaye gari jeupe lilianza kupita Kitalu D, likisimama mlango kwa mlango. Waliokuwemo, wanunuzi wa viwanja, walijua nani amevujiwa, nani ana ufa, nani amechorwa X. Evarista aliwafukuza kwake kwa ndoo ya maji ya kufulia. Bi Mwanakhamisi aliwakaribisha, akawasikiliza, na siku ya tatu akaweka saini.

"Utaishi wapi, mama?" Evarista alimuuliza. Walikuwa wamekaa kibarazani, katikati yao sahani ya vitumbua ambayo hakuna aliyeigusa.

"Kwa mwanangu Faraji, Makongolosi. Ana duka kule, karibu na machimbo."

"Kule kuna vumbi, na wewe una pumu."

"Vumbi lina paa juu yake, Evarista. Hapa nalala chini ya mwavuli." Alijaribu kucheka, akaacha. "Ningekuwa na ruhusa ya bati sita tu, wallahi wasingenitoa hapa. Kaburi la mzee lipo pale juu. Lakini wameniambia mtaa huu hauruhusiwi kuezekwa tena, milele. Sasa nabaki nasubiri nini?"

Aliondoka Jumamosi na masanduku mawili na kikaango chake. Jumatatu, kabla hata majirani hawajamaliza kunywa chai, mashine ilikuja ikaiangusha nyumba yake kwa nusu saa. Evarista alitoka nje na kusimama kwenye vumbi lile. Tofali za nyumba ile baba yake ndiye aliyezipanga. Aliona mahali alipozifunga kona, kwa ule mtindo wake wa kuachia jino moja la tofali nje, na aliona kona ile ikigeuka kifusi. Tangu siku hiyo alikuwa na hasira ambayo haikulala. Alikula nayo, alikwenda nayo kazini, aliwafokea vibarua kwa kosa la kuchanganya zege laini, kisha akawaomba radhi, kisha akawafokea tena.

Alirudi ofisi ya ardhi na barua ya toleo ya baba yake, ile aliyogawiwa nayo kiwanja. Juu ya barua iliandikwa namba ya mchoro wa Kitalu D. Akaomba aonyeshwe mchoro huo. Masjala wakatafuta siku mbili wakasema haupo. Alipokuwa akishuka ngazi, yule karani aliyeshtuka siku ile alimfuata. Aliitwa Anjela, na alikuwa amefanya kazi pale muda mrefu kuliko wote.

"Fundi, usiseme ni mimi. Huo mchoro waliuondoa pamoja na mafaili ya zamani walipoleta kompyuta. Lakini aliyeuchora yupo hai. Mzee Sosthenes. Yuko Iringa, Kihesa, nyuma ya kanisa."

Evarista alipanda basi la asubuhi. Kutoka Makambako mpaka Mafinga alikaa dirishani bila kuona msitu wala mashamba. Alikuwa akipanga maneno. Alipofika Kihesa aliuliza mara mbili tu, akaonyeshwa nyumba nadhifu yenye uzio wa michongoma. Mzee mrefu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa akimwagilia figiri.

"Kamwene, baba."

"Kamwene. Wewe ni wa kwetu?"

"Baba yangu alikuwa wa huku. Marcelino, wa kiwanda cha pareto Itambwe."

Mzee Sosthenes aliweka chini ndoo, akasikiliza habari ya ukuta, ya X na ya Aroni. Alimkumbuka Marcelino. Alikumbuka pia kila kona ya Kitalu D, kwa sababu ilikuwa kazi yake ya kwanza baada ya chuo, na alikuwa ameipima kwa miguu yake. Juu ya kabati chumbani kwake alikuwa na bomba la plastiki lililozibwa pande zote mbili. Akalishusha, akatoa karatasi iliyogeuka rangi ya chai, akaitandaza mezani na kuikandamiza kwa vikombe. Kulikuwa na mihuri miwili, saini, na pembeni masharti kwa mwandiko wake. Evarista alikitafuta kiwanja chao kwa kidole. Namba kumi na nane. Akakipata kidogo kama kucha.

"Sharti la tano," mzee alisema. "Soma."

"'Mmiliki atatunza na kukarabati jengo lake wakati wote.'" Evarista aliinua uso. "Siyo ruhusa hii. Ni amri."

"Ni amri. Na hizi kanuni zao mpya, nilialikwa kwenye semina wakati zinaandikwa. Nikawauliza, maeneo ya zamani mnayafanyaje? Huwezi kufuta daraja ukaacha watu wananing'inia. Wakaandika kifungu cha sitini na tatu. Ngoja." Alivuta droo, akatoa kijitabu, akasoma polepole. "'Eneo ambalo daraja lake halimo katika jedwali hili litaendelea kwa masharti ya mchoro wake wa awali, hadi wakazi wake watakaposikilizwa na mpango mpya wa eneo hilo kupitishwa.' Unaona? Kufutwa kwenye jedwali siyo kufutwa ardhini."

Evarista aliusoma mstari ule mwenyewe, mara mbili. Miezi mitatu. Mama yake alikuwa amekohoa miezi mitatu nyuma ya turubai. Bi Mwanakhamisi amekwenda. Na mstari wenyewe ulikuwepo muda wote, ukurasa wa arobaini na moja, kwa Kiswahili.

"Twende wote, mzee," alisema. "Uyaseme haya mbele yao."

Sosthenes alivua miwani. "Hapana, binti yangu. Mchoro chukua. Kijitabu chukua. Lakini mimi usinitaje."

"Kwa nini?"

"Hii ni mali ya serikali iliyokaa juu ya kabati langu miaka kumi na minne. Wataniuliza niliitoaje. Na huyo Aroni nilimfundisha mimi chuoni. Sitaki kuonekana nimekwenda kumwaibisha."

"Kwa hiyo bora waaibike wanaolala nje?" Sauti yake ilipanda, na mke wa mzee akachungulia kutoka jikoni. "Ulituchora wewe, baba. Ukatupa namba, ukatuwekea masharti, tukayafuata miaka yote hii. Leo wanatufuta, na wewe unamwagilia figiri!"

Mzee aliinamisha kichwa. Hakumkasirikia, wala hakubadili uamuzi wake. Alikunja mchoro kwa uangalifu, akaurudisha kwenye bomba, akampa kwa mikono miwili. Evarista aliupokea akashukuru, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyolelewa, lakini maji ya kunywa aliyoletewa aliyaacha mezani.

Asubuhi iliyofuata alikuwa mbele ya Aroni. Kijana alisoma kifungu cha sitini na tatu, akasoma tena, masikio yakabadilika rangi. Ilionekana wazi hakuwahi kukifikia. Kisha akakumbuka kitu, akafungua kabati, na uso wake ukapata nafuu.

"Lakini wakazi walisikilizwa, mama. Mwaka jana, kabla sijaja. Muhtasari huu hapa. Tarehe kumi na mbili Agosti, shule ya msingi, watu arobaini na mmoja. Wote waliafiki kuingia ukanda mchanganyiko."

"Mkutano gani? Mimi naishi pale."

"Jina la mama yako lipo. Yusta, namba kumi na nane. Na saini."

Evarista aliivuta karatasi. Jina la mama yake lilikuwa limeandikwa kwa herufi zilizolala upande mmoja, nzuri, zenye Y ya mkia mrefu uliopinda chini ya jina zima. Aliujua mkia huo. Aliuona tangu akiwa mtoto, kwenye kila barua iliyotoka nyumbani kwao kwenda kwa ndugu Iringa. Akaketi.

Mama Yusta hakujua kusoma wala kuandika. Ilikuwa siri ya nyumba. Kanisani alishika kitabu cha nyimbo na kugeuza kurasa pamoja na wengine, kwa kuwa nyimbo zote alizijua kwa kichwa. Benki na ofisini alikwenda na Marcelino, na Marcelino alipofariki alikwenda na Evarista, akisema miwani ameisahau. Nje ya nyumba hiyo alikuwepo mtu mmoja tu aliyejua: jirani aliyemwandikia barua zake kwa miaka thelathini na hakuwahi kumtangaza. Naye ni Lusekelo, mwenyekiti wa mtaa.

Hakwenda kwa Lusekelo siku hiyo. Alijua akienda atampiga. Alikwenda kwa mama yake, akamwambia yote, kisha akamwambia lililobaki.

"Alhamisi kuna mkutano. Wanakuja kututambulishia mpango mpya. Nataka niseme ile saini si yako. Lakini wataniuliza najuaje."

Mama Yusta alikuwa anakaanga karanga. Aliendelea kuzigeuza mpaka zikaanza kuungua.

"Unataka wote wajue," alisema mwishoni.

"Sitaki, mama. Nitatafuta njia nyingine."

"Njia gani?"

Evarista alisogeza kuni, moto upungue.

"Lusekelo nilimpikia mke wake uji alipojifungua," alisema Mama Yusta. "Mara zote tatu." Akaepua kikaango, akatoka nje kwenye ukuta wenye X, akakaa huko peke yake hadi karanga zikapoa.

Alhamisi, saa nne asubuhi, uwanja wa shule ulijaa. Aroni alikuja na gari la ofisi na picha kubwa ya maghorofa yenye miti na watoto wanaoendesha baiskeli. Lusekelo alifungua mkutano kwa sala. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti tamu, na watu walimpenda. Aroni alianza kueleza, na alipofika kwenye maneno "kama mlivyoafiki wenyewe mwaka jana," Evarista alisimama.

"Aliyeafiki ni nani? Soma majina."

"Mama, tutakuja kwenye maswali..."

"Soma majina!" Na sauti nyingine nyuma ikasema asome, na nyingine, mpaka Aroni akafungua faili.

Alisoma. Jina la tatu lilikuwa la mtu ambaye Agosti yote alilazwa hospitali Mbeya, na mke wake akasimama kusema hivyo. La saba lilikuwa la mama aliyekuwa Mgololo kumuuguza dada yake. Kila jina lilileta mtu juu. Mwanzoni watu walicheka, kisha kicheko kikakatika. Lusekelo alipaza sauti kwamba kumbukumbu za watu hupotea, kwamba saini zipo na saini hazisemi uongo.

"Namba kumi na nane," Aroni alisoma kwa shida. "Yusta."

Evarista alifungua mdomo. Lakini mama yake alikuwa amekwisha kuinuka kutoka kwenye benchi la wazee, mkono mmoja kwenye fimbo.

"Mimi sijui kuandika," alisema Mama Yusta.

Mabinti wa kwaya waliokaa mbele wakageuka kumtazama.

"Sijawahi kujua. Sikupelekwa shule. Baba alisema atapelekwa kaka." Alivuta pumzi, kifua kikakoroma. "Kila mahali naweka dole gumba. Anayejua hilo ni huyu." Aliinyoosha fimbo kumwelekea mwenyekiti. "Lusekelo, wewe ndiye uliyeniandikia barua Marcelino alipokufa. Nilikuwa nalia, na wewe unaandika. Leo umeniandika kwamba nimekubali nyumba yake ivunjwe?"

Lusekelo alisimama, akakaa, akasimama tena. "Dada Yusta... Waliniambia ni orodha tu ya mahudhurio. Walisema muda umekwisha, mpango utarudishwa, mji wetu utakosa maendeleo. Niliandika wote, siyo wewe peke yako. Nilidhani nawasaidia."

Kilichofuata kilikuwa kelele. Viti viliruka. Ile picha ya maghorofa ilikanyagwa. Watu wawili walimshika Lusekelo shati, na alitoka pale salama kwa sababu Mama Yusta aliwapigia kelele wamwache. Aroni alikusanya karatasi zake akaelekea kwenye gari, na hapo alimkuta Evarista ameegemea mlango wa dereva, bomba la plastiki chini ya kwapa.

"Nitalipeleka suala hili juu," alisema Aroni. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye baridi ile. "Nakuahidi. Kamati ikikaa..."

"Kifungu cha sitini na tatu hakisemi kamati. Kinasema mchoro wa awali. Mchoro huu hapa. Hakuna aliyesikilizwa, umejionea. Nipe kibali."

"Mfumo..."

"Usiniambie mfumo! Una kalamu. Una fomu ndani ya begi, nimeziona. Una muhuri. Kabla ya hiyo kompyuta watu walikuwa wanaandika."

Watu walikuwa wamewazunguka, wanangoja. Aroni aliutazama mchoro uliotandazwa kwenye boneti, akaona jina dogo pembeni, jina la mwalimu wake, na mabega yakamshuka. Akaomba kalamu, kwa kuwa yake ilikuwa imepotea kwenye fujo. Aliandika kwa mkono: Kitalu D, kiwanja namba kumi na nane, makazi daraja la tatu, kujenga upya ukuta wa nyuma. Akapiga muhuri. Aliyekuwa nyuma ya Evarista alisema, "Na mimi, namba tisa, choo." Mwingine akasema, "Namba ishirini na mbili, paa." Wakajipanga foleni. Fomu zilipokwisha aliandika kwenye karatasi za daftari za shule, mpaka saa nane.

Ilichukua mwezi mzima na safari mbili za madiwani ndipo barua rasmi ikaja kwamba vibali vile ni halali, na kwamba Kitalu D kitabaki na masharti yake ya zamani hadi wakazi watakaposikilizwa upya. Lusekelo alijiuzulu kabla hajaondolewa. Ni nani aliyempelekea zile karatasi azijaze, hakuna barua iliyosema. Gari jeupe halikuonekana tena.

Evarista alijenga ukuta kwa siku tatu. Siku ya pili, akiwa kwenye kozi ya tisa, aliiona ile sehemu tupu ya jirani ikianza kuota magugu, akafuta mikono kwenye kanga, akapiga simu Makongolosi.

"Mama, tumeshinda," alisema, na akamweleza kila kitu, kifungu, saini, foleni kwenye gari.

Bi Mwanakhamisi alimsikiliza bila kumkatiza. Alikuwa anakohoa. Mwisho akauliza, "Kwa hiyo siku ile walipokuja, nilikuwa na haki ya kuezeka?"

"Ndiyo, mama."

"Bati zangu sita?"

"Hata zote."

Kwa mbali kwenye simu zilisikika mashine za kusaga mawe ya dhahabu, zikigonga, zikigonga.

"Na hawakuniambia," alisema Bi Mwanakhamisi.

Evarista alitaka kusema kwamba huenda Aroni mwenyewe hakujua, kwamba kifungu kilikuwa ukurasa wa arobaini na moja. Aliyaacha maneno hayo.

"Hawakukuambia. Nitafutie ile nakala ya mauzo, mama, tukaipinge. Mwambie Faraji aipige picha anitumie leo."

Alikata simu. Udongo kwenye karai ulikuwa umeanza kukaza. Akaumwagia maji, akaukoroga kwa nguvu mpaka ukamrukia usoni, na mama yake akauliza kutoka ndani ni nani anayepigana huko nje.